Uzi wa Nguzo za Bondeni

Uliona, ukageuza uso. Usijitetee. Ulipita kando ya ukuta wenye ufa wa kuingiza vidole viwili, ukasema moyoni kwamba jengo hilo si lako na waliomo ndani si wa kwenu, ukaenda zako kunywa chai. Wengi walifanya vivyo hivyo, na ndiyo maana habari ya Kindoro inabidi isimuliwe taratibu, bila kupiga kelele, mpaka shingo yako ichoke kutazama pembeni.

Kindoro ni mji uliokaa kilimani kama kofia juu ya kichwa kisichoitaka. Kileleni wanaishi Wenye Paa, ndugu saba wa ukoo mmoja, ambao babu yao aliapa mbele ya watu kwamba tone la mvua halitamgusa yeyote wa damu yake. Tangu hapo wamejenga paa juu ya paa, veranda juu ya veranda, na njia zao zote zimeezekwa, hata ile ya kwenda kuoga. Chini, Bondeni, wanaishi wale ambao maji ya paa hizo zote huwamwagikia. Mvua ikinyesha kileleni kwa saa moja, Bondeni hunyesha siku nzima, na Wenye Paa huwaambia wageni wao kwamba watu wa kule wana bahati, hawakosi maji.

Mji huo hujengwa kwanza kwa nuru. Katikati ya mteremko ipo Nyumba ya Modeli, na ndani yake, juu ya meza za mawe meusi, kila jengo linalongoja kusimama huelea kwa nuru, dogo kama mzinga wa nyuki lakini kamili: ukiigusa nguzo, hukuambia kimo chake, mzigo iliobebeshwa, na idadi ya nondo zilizolala ndani ya zege lake. Mafundi hujenga kile modeli inachosema, si zaidi, si pungufu, maana sheria ya Kindoro humfunga fundi anayefikiri. Kwa hiyo uhai wa watu umo mikononi mwa wanakili, wale wanaohamisha nguzo, ukuta au ngazi kutoka modeli moja kwenda nyingine, ili kilichofikiriwa vizuri mara moja kisije kikafikiriwa vibaya mara ya pili.

Mboni alikuwa mnakili kwa miaka ishirini na tisa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, mwenye vidole vilivyopauka kwa kushika nuru, na hakuwahi kuhamisha hata kizingiti bila kufuata desturi. Desturi yenyewe ilitaka watu wawili. Mmoja huweka kiganja juu ya msumari wa mwanzo, ule wa shaba uliopigiliwa kwenye kila meza ili vipimo vyote vihesabiwe kutoka hapo, na mwenzake husimama kwenye meza ya pili, kiganja juu ya msumari wa huko. Kisha huulizana, hadi kufikia tumbo, yaani nondo zilizomo ndani.

“Msumari?” Mboni aliuliza, asubuhi ile waliponakili nguzo kumi na sita.

“Upo,” alijibu Jongo, mwenzake wa miaka mingi.

“Sakafu?”

“Sawa na sakafu.”

“Tumbo?”

“Limejaa. Langu ndilo tupu, dada, tangu jana.”

“Lako halibebi ghorofa. Shika vizuri.”

Walikuwa hawaulizani kwa kupenda maneno. Mwaka wa soko la Gengeni, mnakili aliyeharakishwa alihamisha nguzo kwa kukisia, bila kugusa msumari. Zikakaa mkono mmoja kando ya boriti zilizopaswa kuzishika, na paa likateremka saa nne asubuhi juu ya wauza mchicha. Mboni alikuwa na miaka kumi na tisa. Anawakumbuka mmoja mmoja: Bi Chuki wa ndimu, mapacha wa mzee Kitogo, mshona viatu aliyekuwa akiimba. Mnakili alifungwa. Aliyemharakisha alipewa nishani. Wenye Paa wakatunga sheria kwamba jengo likishasimama, nuru ya modeli yake izimwe milele, wakasema ni kwa usalama, na kila mtu akajua ni ili pasiwe na wa kurudi nyuma kuangalia nani alibadilisha nini. Wanakili nao, bila kuomba ruhusa, wakaanzisha uzi: kila kitu kilichonakiliwa hufungwa kwa uzi mwembamba wa nuru kwenye kule kilikotoka, na kimoja kikibadilishwa bila kingine, uzi hulia.

Sasa nguzo hizo kumi na sita zilitoka kwenye modeli ya Ukumbi wa Shangwe, ambao Mtukufu Bangaluzi, mkubwa wa wale saba, alitaka kujengewa kileleni. Zilikuwa zinakwenda kwenye modeli ya wodi ya wazazi ya Bondeni, ghorofa mbili, na tangi la maji juu. Mtoto pekee wa Mboni, Zuena, alikuwa mkunga huko, kwenye kibanda cha mabati wakati huo, akingoja jengo.

Kabla jua halijapanda sawasawa, akaingia Karani Finyange, mtu mwenye pete kwenye kila kidole, na pete moja kati ya hizo ndiyo iliyofungua modeli zote.

“Shikamoo, Karani.”

“Marahaba, Bi Mboni. Hizo nguzo za Bondeni, nakili sura. Tumbo liache.”

“Sikuelewa.”

“Umeelewa sana. Kwa nje ziwe zilezile, kinamama wafurahi, wapige vigelegele. Nondo zake zimepangiwa uzio wa kileleni.”

“Uzio si upo?”

“Upo mmoja, na wa pili. Mtukufu anataka wa tatu.”

“Juu ya nguzo hizi kuna tangi, Karani. Chini ya tangi kuna vitanda.”

“Wewe ni mnakili au mganga? Mbona unajua vitanda?”

“Mwanangu anavitandika,” Mboni alisema, akaondoa kiganja kwenye msumari. “Nimeshanakili, na tumbo limejaa. Ukitaka kulitoa, litoe kwa mkono wako.”

Finyange akalitoa. Aliigusisha pete yake nguzo baada ya nguzo, na nondo za nuru zikachomoka kama miiba ya samaki. Alipomaliza ya kumi na sita, uzi ukalia.

Haukulia kama kengele. Ulilia kama mtoto mchanga, na sauti ikapanda mteremko mzima hadi kileleni, ambako Bangaluzi alikuwa amekaa na wageni wa nchi za mbali akiwasifia utulivu wa Kindoro. Wageni wakauliza ni mtoto wa nani yule. Ukalia siku ile na ya pili. Ilipofika ya tatu, Finyange alirudi amevimba macho.

“Ukate!”

“Uzi haukatiki. Hunyamaza modeli mbili zikipatana.”

“Basi zipatanishe! Kabla ya adhuhuri!”

“Kwa upande upi?” Mboni aliuliza. “Zinapatana ya Bondeni ikipanda, na zinapatana ya kileleni ikishuka.”

Hapa ndipo Karani alipofanya kosa ambalo mtu wa Kindoro tu ndiye angelifanya, mtu aliyelelewa kuamini kwamba kupatana maana yake ni wa chini kunyamaza. Hakusikiliza swali hadi mwisho.

“Upande wowote, mwanamke! Mimi nataka kimya!”

“Niandikie.”

Akaandika, papo hapo, kwa muhuri wa Mtukufu: Modeli zote mbili ziwe sawa. Akamwachia Mboni pete yake na kutoka nje, mikono masikioni. Jongo alitaka kubaki, lakini Mboni alimtazama, akamwambia, “Nenda kanywe uji, kaka. Usichokiona hutaulizwa.” Mlango ukafungwa. Muda wa mtu kumaliza bakuli moja, uzi ukanyamaza.

Majengo yakapanda. Nondo zilifika zikiwa zimefungiwa matumboni mwa magari, zege likamwagwa nyuma ya mbao, na siku yalipokamilika, nuru za modeli zote mbili zikazimwa kwa mujibu wa sheria. Nguzo za kileleni zilipakwa dhahabu, za Bondeni zikapakwa chokaa. Uzio wa tatu nao ulisimama, isipokuwa upande unaotazama Bondeni, ambako uliishia katikati na kuacha pengo. Wengine walisema nondo ziliisha. Wengine wakasema zililiwa njiani, maana hata wezi wa Mtukufu wana wezi wao.

Mchana wa uzinduzi, Bangaluzi akiwa ameinua kijiko, Finyange alimnong'oneza jambo ambalo hakulifikiria kwa mwaka mzima: kwamba hajui zile modeli zilipatanishwa kwa upande upi. Kijiko kikarudi mezani. Mboni akaitwa.

“Mama,” Bangaluzi alisema kwa upole usio wake, “nguzo hizi zina nini ndani?”

“Kilichomo kwao, Mtukufu.”

“Na kwao kuna nini?”

“Kilichomo kwako. Uliamuru ziwe sawa. Zimekuwa sawa.”

“Nitakufunga!”

“Nifunge humuhumu ukumbini, nitalala vizuri. Mwanangu anazalisha chini ya zile, wewe unakula chini ya hizi. Kama una shaka, leta nyundo tupasue moja.”

Hakuna aliyekwenda kuleta nyundo, maana wote waliijua sheria: vilivyofungwa kwa uzi mmoja hupasuliwa siku moja, mbele ya watu. Akipasua ya kwake, ya Bondeni itapasuliwa, na agizo lenye muhuri wake litasomwa kwa sauti. Na modeli iliyoweza kumjibu ameizima mwenyewe. Bangaluzi alitazama juu. Vumbi jembamba lilishuka kutoka darini, labda la rangi mpya, labda si la rangi, likatua kwenye mchuzi wake.

Hakumfunga. Mboni alishuka mteremko kwa miguu yake, akaingia wodini, akamsaidia Zuena kukunja mashuka, na alipoulizwa na binti yake, “Mama, tuko salama?” alibandika kiganja kwenye nguzo kama anavyobandika kwenye msumari, kisha akachukua shuka lililofuata.

Tangu siku hiyo Mtukufu hali chakula ndani. Meza yake imewekwa uwanjani, mbali na kila nguzo, na mvua ikija anakula mvua inamnyeshea, yeye wa damu ya yule aliyeapa, mchuzi ukijaa maji. Watu wa Bondeni humwona kupitia pengo la uzio. Wamesimama wanamtazama tu.

Na wewe pia umesimama. Usiniulize Mboni alizipatanisha modeli kwa upande gani ule mlango ulipofungwa. Kinamama wanaendelea kuzaa chini ya jibu hilo. Pengo bado lipo, na mafundi wamekwisha kuitwa kuliziba. Shika nyundo. Panda leo kupitia pengo hilo, jua likiwa juu, na watu wakikuona, udai nguzo ya kileleni ipasuliwe kwanza.