Nilipewa Rugu kwa Neno Moja

Mjukuu wangu Jovitha alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya kesho yake ya maneno magumu ya Kiingereza, na neno moja lilikuwa likimtoroka.

"Bibi, nitaaibika!"

"Lina maana gani?"

"Harufu ya mvua ya kwanza kwenye udongo mkavu."

Nikaacha kuanika kahawa. "Kitendawili!"

"Tega."

"Mgeni wangu huingia puani kabla ya kubisha hodi. Jibu kwa Kiingereza."

Akawaza, wapi! Akakubali kushindwa: "Nakupa mji. Chukua Rugu."

"Nikaenda Rugu. Vumbi lilikuwa limelala. Tone likaanguka, jingine likafuata, migomba ikatulia, nami nikanusa..."

Jovitha akafumba macho, akavuta pumzi taratibu, kana kwamba analowa.

"Petrichor," akanong'ona. Kisha akacheka. "Haya Bibi, nirudishie Rugu yangu!"