Usukani wa Kaka

Jumamosi asubuhi, kaka akiwa bafuni anaoga huku akipiga mluzi, mimi nilikuwa nimeinama mbele ya kompyuta yake kama mwizi, roho juu juu. Kwenye mipangilio ya gemu kuna mstari wa nguvu ya usukani. Nikauvuta kutoka thelathini hadi themanini, nikafunga, nikarukia kochi na kujifanya nasoma ujumbe kwenye simu. Simu yenyewe ilikuwa imekwisha chaji.

Acha nirudi nyuma kidogo, maana bila hivyo mtanihukumu mapema.

Kaka yangu aliendesha malori miaka kumi na tisa. Barabara haikumfanya kitu. Aliangushwa na mzigo wake mwenyewe, siku alipopanda juu kufunga turubai akateleza. Mfupa wa mkono wa kulia uliunga, lakini vidole viligoma. Hospitalini wakampa mpira mdogo laini wa kuminya. Akautupa uvunguni mwa kitanda. "Nimeshika tani thelathini, leo niminye mpira? Waminye wao!" Basi mimi fundi kompyuta, mtu nisiyeweza kutulia dakika tano bila kufungua kitu, nikamletea usukani wa gemu za mbio za magari. Si vile vya plastiki vya watoto. Ndani yake mna mota: ukikata kona kwenye skrini unahisi tairi zikikataa, ukipanda kingo za barabara mikono inatetemeka, ukiuachia unajizungusha wenyewe.

Siku ya kwanza niliuweka themanini kwa mia, kama alivyokuwa akiutumia mtu aliyeniuzia. Kona ya pili tu, usukani ukampokonya. Akajaribu tena, ukampokonya tena. Mara ya tatu hakujaribu. Aliukumbatia mkono wake kifuani, akageukia ukutani, mabega yakaanza kumcheza. Sikuwahi kumwona kaka akilia, hata tulipomzika mama. Nikatoka nje nikaizunguka nyumba mara nne.

Kesho yake nikashusha hadi thelathini. Sikumwambia. Akamaliza mzunguko mzima bila kugonga, akapiga kelele mpaka wifi yangu, mkewe, akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mume wangu karudi!" akasema, wakakumbatiana hapo hapo. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Wiki zikapita. "Fundi, ongeza kidogo, naona umekuwa mwepesi," kaka ananiambia. Nami nabonyezabonyeza, nasema, "Tayari, uko sitini." Mara moja niliongeza kweli, kumi tu, nikaona jasho linamtoka na vidole vinalegea, nikarudisha chapuchapu. Sitini, sabini, themanini, zote nilizitoa mdomoni mwangu. Majirani wote wakajua kaka yuko themanini. Hadi Alhamisi moja aliponiambia kwamba amempigia bosi wake wa zamani, na Jumatatu anajaribiwa na lori, tena lenye mzigo.

Tangu hapo sikulala wala kukaa. Nilifungua kompyuta za wateja nikazisahau zikiwa wazi, nikaweka maji ya chai jikoni yakakauka. Maana kaka mwenyewe ndiye aliyenieleza zamani kwamba usukani wa lori siku hizi ni laini, barabara nzuri ukiwa nayo huna shida. Kazi iko siku tairi la mbele linapopasuka. "Siku hiyo usukani unakupokonya," alisema, "na mbele yako linakuja basi limejaa watu."

Kumwambia nilishindwa. Ndiyo maana Jumamosi ile niliuachia usukani wenyewe kazi ya kumwambia. Woga mtupu, nakiri.

Akaja, ananukia sabuni, akakaa. Kona ya kwanza alipita kwa taabu. Ya pili usukani ukamgeuka, gari likabamiza ukuta. Akacheka, akaanza upya. Likabamiza tena. Akauinamia, akaugongagonga kwa kidole.

"Fundi, umeharibika huu. Hebu ufungue."

Na bisibisi nilichukua, msifikiri sikuichukua. Nilipiga magoti nikalegeza skrubu ya kwanza, nikaingia ya pili. Ningepuliza vumbi, nikashusha namba, na kaka angeshinda na furaha yake mpaka Jumatatu. Skrubu ikaniponyoka, ikadondoka chini ya meza.

"Haujaharibika, kaka. Leo ndio uko sawa."

Hakuelewa. Kisha akaelewa, niliona ikimwingia pole pole usoni.

"Siku zote hizi ulikuwa ngapi?"

"Thelathini."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni. "Wifi," akasema kwa sauti ndogo, "mimi nimeshampigia pasi sare." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kaka akachukua simu, akampigia bosi mbele yetu. "Jumatatu siji," akasema. "Hapana, siumwi. Mkono bado." Akakata, akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu.

Siku kumi na moja hakunisemesha. Nikiingia, anatoka, nikimsalimia, anauitikia ukuta. Nami nilikasirika, nisiwadanganye: nilimhurumia, nikageuka mchawi! Hasira ikaisha, ikabaki aibu. Ningeweza kumwua ndugu yangu kwa huruma, yeye na watu wasionijua. Miaka sita sasa, na nikikumbuka bado nainuka kitini.

Siku ya kumi na mbili, saa saba mchana, wifi akanipigia. "Anakuita." Nilimwacha mteja anaongea peke yake.

Nilimkuta ameshakaa mbele ya kompyuta. "Hiyo namba iko wapi?" akauliza bila kuniangalia. Nikafungua mipangilio, nikamwonyesha, nikarudi nyuma. Akashika kipanya kwa mkono ule ule mbovu, akauvuta mstari. Ulipitiliza, akaurudisha. Ukapitiliza tena upande wa pili. Wifi akapiga hatua kutaka kumsaidia; nikamshika nguo. Mwishowe ukasimama kwenye thelathini.

"Hapa ndipo nilipo?"

"Hapo ndipo ulipo, kaka."

Kisha akausogeza mstari hadi thelathini na moja.

"Usiguse kitu, fundi," akaniambia, akaondoa gari.