Taa Iliyomzimia Shurie

Taa yenyewe ilifika mtaa wa Bulla Iftin ikiwa ndani ya katoni, na Abti Guleid aliipakata mapajani kutoka Nairobi mpaka Garissa kama mama aliyetoka kujifungua. Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, wiki ya Idi. Kila aliyerudi kutoka Jeddah siku hizo alileta kitu. Mmoja alileta blanketi nene la manyoya, Garissa hii ambako saa mbili asubuhi mbuzi wameshaanza kugombania kivuli. Guleid akaleta taa inayoona.

"Hii haina swichi," akatangaza. "Mtu akipita, inawaka. Akiondoka, inazima."

"Kumbe ni askari," akasema Ramlo, mpwa wake.

"Afadhali kuliko askari. Hii hailali."

"Wala haiombi chai."

Ramlo alikuwa amemaliza kidato cha nne na anangojea matokeo, kazi isiyo na mshahara wala siku ya kupumzika, kwa hiyo mdomo wake ulikuwa na nafasi ya kutosha. Mama yake, Kaltun, alimtazama jicho la kunyamazisha, nalo kama kawaida halikunyamazisha kitu.

Aweys, fundi wa redio wa sokoni, ndiye aliyeifunga juu ya mlango, ikatazama uga na mwanya wa ua wa miiba. Chini ya jicho lake palikuwa na vitufe vitatu vya kuzungusha: kimoja kimechorwa jua na mwezi, kimoja alama ya kujumlisha na kutoa, kimoja saa. Maelezo yalikuwa ya Kijerumani. Aweys aliyasoma yote, juu mpaka chini, kwa uso wa mtu anayeelewa. Kaltun alipomsihi kitu hicho kisije kikala umeme wote wa mji, akakishika kitufe cha saa, akakizungusha mpaka mwisho wa kushoto, akashuka, akanywa chai, akaenda zake.

Jioni ile uga uligeuka sinema. Watoto wa jirani waliruka, taa ikawaka. Wakajitupa chini kimya, ikazima. Wakaangua kicheko, ikawaka tena. Mbuzi kumi na mmoja wa Ayeyo Ebla walisimama wakicheua na kuyatazama mambo hayo kama wazee wa baraza.

Ayeyo Ebla, mama yake Kaltun na nyanya yake Ramlo, alikuwa ametoka pande za Bura baada ya kiangazi kumaliza ngamia wake. Mjini hakupapenda. Maji yanaletwa na punda, alikuwa akisema, na watu wanalala katika masanduku ya mawe. Kilichomshikilia ni mtu mmoja tu, Shurie, aliyekaa nyumba ya nne kutoka pale. Wawili hao walichunga ngamia pamoja wakiwa wasichana, na kila siku baada ya magharibi Shurie alikuja kunywa chai. Hakuwahi kuingia kama upepo. Alisimama penye mwanya wa ua, akakohoa mara moja, akatulia tuli, macho chini, mpaka asikie sauti kutoka ndani ikimkaribisha. Ndivyo walivyolelewa. Mgeni anayejongea kabla ya kuitwa ni fisi.

Jioni ya kwanza ya taa Shurie alikuwa na wageni wake wa Idi. Jioni ya pili, nyumba ilijaa watu wa kumuaga Guleid na sauti ya kaseti ilikuwa juu. Shurie hakuonekana. Kesho yake pia hakuonekana.

Ayeyo akasema labda ni mafua. Siku ya tatu bado aliweka vikombe viwili, na cha pili kikafanya utando juu. Siku ya saba, aliposikia Shurie kaonekana sokoni mzima wa afya, akaweka kimoja. Siku ya nane, Jumanne, Ramlo alimkuta amekunja mikeka yake na anaifunga kamba.

"Ayeyo, unakwenda wapi?"

"Alhamisi kuna lori la Bura. Dereva nimeshasema naye."

"Bura kuna nini? Hata nyoka wamehama."

"Kuna watu wanaonijua," akasema Ayeyo, akakaza fundo kwa meno.

Ramlo alikuwa na mzaha mwingine tayari kinywani. Akaumeza. Alivaa ndala, akaenda moja kwa moja kwa Shurie.

Alimkuta anasuka mkeka kivulini, na hakuinua macho.

"Ayeyo Shurie, umetutupa."

"Mimi? Uliza vizuri nani kamtupa nani."

"Kwani kuna nini?"

Mikono ikasita juu ya mkeka. "Nilikuja. Nikasimama pale pangu, nikakohoa. Taa yenu ikaniwakia, ikanitazama kuanzia shela mpaka viatu. Nikatulia nasubiri kuitwa. Ikazima! Nikasema labda bahati mbaya. Nikasogea, ikawaka. Nikatulia, ikazima. Mara tatu, Ramlo. Mara tatu! Hata mwanamume akikupa talaka tatu hukupa kwa mdomo wake, hakuzimii taa."

Ramlo alicheka, kisha akaikumbuka ile jioni ya sinema ugani. Akawaona wale watoto wamejilaza chini kimya, na giza linawafunika.

"Wallahi hakuna aliyekuzimia. Ni mashine. Mtu akitulia haimwoni tena."

"Yaani mwenye adabu haimwoni, anayerukaruka ndiye inayemwona?"

"Ndiyo hivyo."

"Mashine ya wapi hiyo?"

"Ujerumani. Leo hii naing'oa."

"Thubutu!" Sasa Shurie aliinua macho. "Ukiing'oa, Bulla nzima itasema Shurie anaogopa balbu. Ile ile iliyonizimia ndiyo iniwakie, na ingoje mpaka niitwe. Nitakuja kesho baada ya magharibi. Ikinifumbia jicho tena, mimi na nyumba ile basi."

Jumatano mchana Ramlo alipanda juu ya pipa. Alizungusha kitufe cha jua na mwezi mpaka taa ikakubali kuwaka mchana, akashuka, akajitanda shela, akasimama mwanyani kama Shurie. Akakohoa. Taa ikawaka. Akatulia, akahesabu. Kufika nane, giza. Au tuseme, kwa jua lile, taa ilikufa. Nane! Kwa hesabu ya Ayeyo hiyo haitoshi hata kuulizia hali ya mbuzi, sembuse ya watoto.

Akapanda tena, akazungusha kitufe cha saa mpaka mwisho wa kulia. Akarudi kusimama. Mia moja, mia mbili, bado inawaka. Mia mbili na kumi, ikalia *tik*, ikazima. Akapunga mikono. Kimya. Akaruka kama mbuzi mwenye siafu. Kimya. Balbu ilikuwa imeungua, imechoshwa na sinema ya watoto.

Balbu zake hazikuwa za duara. Zilikuwa vijiti vya kioo vyembamba kama kalamu, na Guleid alikuwa ameacha viwili vya akiba katika katoni. Ramlo alizima umeme wa nyumba, akafungua kioo cha mbele, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa miwili tu akamwita Ayeyo amshikie balbu mpya. Ayeyo alitoka jikoni alikokuwa akichemsha samli, kwa sababu alipoambiwa Shurie anakuja alikuwa ameliacha furushi lake akainuka kama msichana. Alikipokea kile kijiti, akakiona kina vumbi, akakipangusa taratibu kwa kiganja, mbele na nyuma, kama anavyompaka mafuta mtoto mchanga.

Balbu ikafungwa. Ikawaka vizuri, mashallah. Adhana ya magharibi ilipolia watu wakatandika misala, na kabla ya rakaa ya kwanza, *PA!* Mbuzi wakatawanyika mpaka kwa jirani.

Ramlo alipomaliza kusali alikimbilia katoni. Ubavuni palichorwa mkono uliokatwa msalaba: usishike kwa vidole. Kijerumani walikuwa hawakijui, lakini mkono wangeuona.

"Ni samli, Ayeyo. Mafuta yakipata moto, kioo kinapasuka."

"Taa gani haitaki samli?" Ayeyo alinung'unika, ila alirudi nyuma, mikono mgongoni kama aliyeshtakiwa.

Kilibaki kijiti kimoja. Kaltun alizima umeme, Ramlo akakishika kwa ncha ya leso safi, pumzi ameibana, vipande vya kile kilichopasuka vimetapakaa chini ya pipa. Kikaingia. Akafunga kioo, akaruka chini, Kaltun akarudisha umeme.

Mwanyani mtu akakohoa.

Taa ikawaka. Shurie alikuwa amesimama pale na shela yake nzuri, ile ya harusi, macho chini, hatikisiki. Ayeyo alifungua kinywa, Ramlo akamshika mkono.

"Bado. Anataka taa imngoje."

"Mgeni asimame?"

"Ngoja kidogo tu."

Ayeyo hakujua kuhesabu kwa tarakimu. Alihesabu kama alivyohesabu mbuzi jioni, kwa majina: Mweupe, Kipara, Masikio, Mwizi... Akawamaliza kumi na mmoja, akaanza tena. Nondo alizunguka taa. Shurie alisimama kama nguzo. Akawamaliza mara ya pili, mara ya tatu. Alimfikia Mwizi mara ya nne, na taa bado inawaka.

"Ebla!" Shurie aliita bila kusogeza hata kidole. "Mnanitazama au mnanianika kama nyama?"

"Karibu, naa, mwenzangu! Karibu! Karibu!" Ayeyo alikuwa ameshaufikia mwanya, na mikono yake ya samli ikaiharibu shela ya harusi kabisa.

Lori la Bura liliondoka Alhamisi bila yeye. Furushi la mikeka halikufunguliwa miezi mingi. Shurie aliligeuza mto wa kuegemea.

Waliokaa Bulla Iftin miaka ile wanaikumbuka taa hiyo mpaka leo, na Ramlo, aliyeona nyingi za aina yake huko Nairobi, hajaona iliyofanya kazi kama ile. Wale wawili walikuwa wakikaa ugani na birika lao. Hadithi ikiwa ya fujo, ngamia kaibwa, mchumba katoroka, mikono iliruka na uga ukawa mchana. Majirani waliona mwanga kwa mbali, wakasema leo kuna vita. Hadithi ikifika kwa waliokufa, wazee wale walitulia, wakakaa hivyo kwa muda mrefu, na taa ikazima yenyewe bila mtu kuona vibaya. Kisha mkono mmoja, hujui wa nani, uliinuka kumfukuza nzi ambaye hakuwapo, na uga wote ukarudi: birika, vikombe viwili, mbuzi kumi na mmoja.