Makosa ya Kamera

Nimechoka na mataa, jamani. Wiki nzima nimekaa pale makutano kwenye kiti cha plastiki, jua la utosi, nikipima vifaa vitatu: waya uliozikwa chini ya lami, kamera juu ya nguzo, na rada. Kazi yao ni moja, kujua kama barabara ya pembeni kuna anayesubiri, ili taa iwake kijani.

Hapo ndipo hupita dada yangu, na baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, maana miguu yake haina nguvu. Waya, ambao ndio unaotumika miaka yote, haumhisi, maana baiskeli haina chuma kingi kama gari. Husubiri mpaka gari lije nyuma yake. Kuvuka kwenye nyekundu hataki. "Nikikutwa katikati, mdogo wangu, nitakimbia na nini?" Kiwandani anakoshona mashati walishamwonya: akichelewa tena, kazi hana.

Siku ya mwisho bosi akasoma matokeo. "Waya umeshinda. Kamera na rada zinaona magari hewa, hasa asubuhi."

"Umejuaje ni hewa?"

"Waya haukuyahesabu."

Nilihisi uchovu mpaka kwenye mifupa. Kumbe mchezaji ndiye tuliyempa filimbi! Kila ambacho waya haukukihisi, sisi tulikiandika kosa. Nikafungua picha za kamera. Kosa la kwanza, dada yangu. Linalofuata, muuza maziwa na baiskeli yake. Kisha dada tena, amegeuza shingo kutazama kama kuna gari linakuja.

"Huyu si hewa," nikamwambia bosi. "Huyu tumenyonya ziwa moja."

Bosi wangu ana mengi, lakini si mbishi. Alizitazama picha, akashusha pumzi. "Haya, yaliyopita si ndwele. Unganisha kamera."

Nikaiunganisha jioni ile ile, nikampigia dada: kesho uwahi makutano, nina habari njema.

Alikuja. Alipofika tu kwenye mstari, kijani ikawaka. Nilifurahi kama mjinga.

"Pita, dada!"

Hakugusa hata mpini. "Niende wapi, mdogo wangu? Jana kiwandani wamenirudisha getini. Nimekuja kwa sababu umeniita."

Nyekundu ikarudi, magari ya barabara kubwa yakapita. Kisha kamera, kwa kuwa bado inamwona, ikampa kijani nyingine.