Tone Juu ya Glavu

Mwezi wa nne sasa, siku saba kila mwezi, hospitalini, Bibi Nhạn alikuwa akimfunulia muuguzi Thơm tumbo bila kuuliza kitu. Sindano mbili kwa siku, moja kulia mwa kitovu, nyingine kushoto. Thơm huibana ngozi kwa vidole, huingiza sindano fupi, husukuma dawa polepole, kisha huandika kwenye kadi alipochoma ili kesho asirudie pale pale. Vitamini za damu, walimwambia, Thơm pamoja na Quyên, bintiye bibi. Naye akaamini, masikini, hata akawa anamletea Thơm vitumbua vya mchele kutoka nyumbani, mkoani Thái Bình.

Kwa imani hiyo hiyo aliahirisha jambo la mumewe. Mzee Khiêm alikuwa ametimiza miaka mitatu kaburini, na kwao mifupa hufukuliwa, ikaoshwa na mjane na watoto, ikazikwa upya mahali pa kudumu. Kazi hiyo ni ya miezi ya baridi tu. Quyên alisema mama ni dhaifu, angoje mwakani. Bibi hakumsikiliza, alimuuliza Thơm. Thơm akamwambia ngoja, bibi, mwakani utakuwa na nguvu. Baridi ikapita.

Leo sindano ya kwanza ilipochomolewa, tone moja la dawa lilidondokea glavu ya Thơm. Akashtuka. Akavua jozi zote mbili, maana huvaa mbili, akazitupa kwenye pipa lenye mfuniko, akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni. Bibi aliyaona yote. Kijijini kwao mwenye duka la dawa huchoma watu vitamini mikono mitupu, tena huku anatafuna.

"Tone moja juu ya glavu, umekimbilia sabuni," bibi alisema. "Mimi mmenitia mabomba mangapi?"

Thơm akamtazama Quyên, aliyeketi kando ya kitanda. Dawa anayoiogopa hata mchomaji si vitamini, na ugonjwa ambao watu humficha mgonjwa bibi aliujua mmoja tu.

"Saratani?"

"Ya damu, bibi. Familia ilituomba tusikwambie."

"Siulizi familia. Nilipokuuliza ningoje mwakani, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Uongo wa Quyên bibi aliuelewa, mtoto huogopa kubaki peke yake. Lakini huyu! Huyu bibi alimuuliza makusudi kwa sababu si ndugu, akidhani asiye ndugu hana sababu ya kudanganya. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Quyên alikuwa analia, akieleza kwamba kila familia hapa hufanya hivyo, wagonjwa wasikate tamaa.

Bibi akapandisha blauzi upande wa kushoto.

"Imebaki moja. Choma."

Thơm akavaa glavu mpya, akaibana ngozi.

"Quyên, wapigie wachimbaji wa makaburi waje wamfukue baba yako wiki hii."

"Mama, sasa ni joto. Watakataa, watasema tungoje baridi."

"Basi waulize," bibi alisema, "hiyo baridi ikifika, mjane wa kuosha mifupa watamtoa wapi."