Sikio la Kushoto la Mwalimu

Nilipomwambia mama kwamba chuoni nasomea kodi, alifurahi sana, akawatangazia majirani kuwa mwanawe atakuwa mtu wa mapato serikalini. Ilinibidi nimkalishe nimweleze kuwa kodi zangu ni za muziki, noti tatu au nne zinazopigwa kwa pamoja. Akaniangalia weee, kisha akasema, "Kwa hiyo unasomea kelele."

Mwalimu wetu wa harmonia, somo la kupanga kodi, tulimpa jina la Saba. Ukimpelekea kazi yako ya jazi, alipitisha kidole juu ya karatasi polepole na kuuliza, "Saba iko wapi?" Kwake kodi isiyo na noti ya saba, yaani ya saba ukihesabu ngazi kutoka noti ya msingi, ilikuwa chai isiyo na sukari. Alikuwa amefundisha miaka ishirini na sita katika chumba kilekile cha ghorofa ya pili, na masikio yake yalikuwa gumzo la chuo kizima. Ilisemekana aliwahi kusimamisha bendi nzima katikati ya wimbo akamnyooshea kidole mpiga tarumbeta wa tatu: "Wewe, teremsha kidogo."

Mwaka wangu wa pili, Saba alianza kugombana na piano. Kila wiki mbili alimwita fundi, mzee mwenye mkoba wa ngozi uliochakaa, akidai noti za juu zimepanda. Fundi alikaza, akalegeza, akasikiliza, akaenda zake. Baada ya siku chache anaitwa tena. Sisi wanafunzi tulicheka tu.

Nilikuwa na rafiki, binti mpiga saksafoni. Tulimwita Pumzi, maana alishikilia noti moja mpaka wewe msikilizaji ndiye unayekosa hewa. Nadharia haikuwa nyepesi kwake. Alikuwa ameshafeli harmonia mara moja, na kaka yake, aliyemlea tangu wazazi wao wafariki, alikuwa amemwambia, "Rudia mara moja tu. Ikishindikana, rudi nyumbani tufanye kazi." Basi tukawa tunafanya mazoezi kila asubuhi kabla ya vipindi. Mimi napiga kodi nzima kwenye piano, yeye anapiga noti ya tatu na ya saba tu, akitafuta njia fupi ya kutoka kodi hii kwenda ile.

Asubuhi moja alikatisha katikati. "Kumbe hii saba haitaki kukaa!" alisema. "Inataka kushuka. Inashukia kwenye tatu ya kodi jirani!" Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Tangu siku hiyo hakukosea tena.

Siku ya mtihani tuliingia mmoja mmoja, ila mimi nilibaki ndani kuwapigia wenzangu piano. Saba alikaa karibu na dirisha, ubavu wake wa kushoto ukituelekea. Pumzi akapiga. Nilimfuata noti kwa noti, moyo ukinidunda kana kwamba mtihani ni wangu. Hakuteleza hata mara moja. Lakini uso wa Saba ulikuwa umejikunja.

"Saba zako zimepanda," alisema. "Zote. Husikii?"

Pumzi akageuka kuniangalia.

Nilijua amepiga sawa. Lakini aliyefuata kupimwa nilikuwa mimi, na nani angebishana na yale masikio? Nikajifanya napanga karatasi. Pumzi akatoka. Nami nikapiga, Saba akitazama vidole vyangu, akaniandikia alama za juu.

Matokeo yalipotoka nilimkuta Pumzi bwenini akifunga begi. "Labda masikio yangu ndiyo mabovu," alisema bila kuniangalia. "Mimi nilidhani nimepiga sawa."

Hapo nilipewa nafasi ya pili. Nikasema, "Pole."

Miezi miwili baadaye fundi aliitwa tena, akanikuta peke yangu chumbani. Alifunga mkoba wake bila kugusa kitu. "Piano hii haina kosa, mwanangu," alisema. "Safari iliyopita sikugusa waya hata mmoja. Nilikaa nikanywa chai, na mwalimu wako akanishukuru kwamba sasa afadhali. Mgonjwa si piano." Akanipa kijiuma chake cha chuma, kile kinachogongwa kikatoa noti moja. "Mimi nitaonekana namharibia kazi. Wewe ni mwanafunzi wake."

Nilimfuata Saba ofisini. Nilimwomba agonge kile chuma gotini, akisogeze kwenye sikio la kulia, kisha la kushoto. Alitabasamu kwanza, akidhani ni mchezo. Kulia, kushoto. Kulia tena. Tabasamu likatoweka.

"Ni noti mbili," alisema kwa sauti ndogo. "Ya kushoto imepanda karibu nusu toni." Akakaa. Akaweka chuma mezani, akauliza, "Na yule binti?"

"Alipiga sawa, mwalimu."

"Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa kwamba ninayesikia vibaya ni mimi."

Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ilikuwa alama zangu, na hiyo niliimeza.

Daktari alimwambia mishipa ya sikio inakufa na haina dawa. Saba aliandika barua mbili: moja ya kuacha kazi, nyingine ya kukiri mbele ya mkuu wa chuo kwamba amemwonea mwanafunzi. Chuo kilifuta yale matokeo. Pumzi hakuwa akipokea simu, kwa hiyo nilimpelekea barua ya chuo mwenyewe.

Nilimkuta kwenye karakana ya kaka yake ya milango ya chuma, amevaa ovaroli, mikono ina masizi. Alisoma barua amesimama, akairudia kutoka juu.

"Kwa hiyo nilipiga sawa."

"Ulipiga sawa."

"Noti zote?"

"Zote."

"Na wewe ulisikia."

Nikamwambia nafasi yake ipo, arudi muhula ujao.

"Saksafoni nimeshampa mtoto wa shangazi," alisema. "Unajua kilichoniuma? Si kufeli. Tangu siku ile siimbi hata nikifua. Redio ikipiga wimbo, najiuliza, hivi mimi nasikia nini? Neno moja tu lako lingetosha. Moja."

"Nisamehe."

"Nimesikia," alijibu. Hakusema kama amesamehe.

Kaka yake akamwita kutoka ndani. Alikunja barua, akaitia mfuko wa kifuani, akavaa miwani yake myeusi na kuinamia mlango aliokuwa akiuchomelea. Nilisubiri pembeni mpaka amalize kiungo kile. Alipomaliza, alivuta chuma kingine.