Chupa Isiyofunikwa

Mama mmoja ambaye hatukuwahi kumwona alisukuma mlango tukiwa bado tunapiga deki. Alikuwa amekumbatia mtungi mtupu wa udongo kama aliyebeba mtoto.

"Nijazieni," alisema. "Ile bia ya mchele wa kunata. Naenda nayo nyumbani."

Dada Orathai, mwenye baa na mpishi wa bia yetu, aliegemeza fagio ukutani. "Mama, kaa unywe hapa, hata bure nitakupa. Lakini kutoka nayo nje ya mlango huo, sheria hairuhusu."

"Mimi sinywi. Anayeitaka ni mume wangu, Khamphan."

Mchele wetu wote tangu baa ifunguliwe ulitoka shambani kwa Khamphan. Magunia yaliletwa na mpwa wake. Mzee mwenyewe tulimjua kwa jina tu. Sasa tukaambiwa hainuki kitandani.

"Nusu ya mkoa huu wa Sakon Nakhon imekunywa mchele wake," alisema yule mama, ambaye jina lake lilikuwa Buasi. "Yeye hajauonja."

Nilimvuta pembeni. "Mama, nitatia chupa moja mkobani. Nani atajua?"

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Mwanangu, zamani watu wa ushuru walimkamata kwa mtungi kama huu. Alikuwa amejipikia bia nyuma ya ghala. Wakamtembeza kijiji kizima mtungi ukiwa kichwani, watoto wetu wanaangalia. Ya kuficha hanywi tena. Amesema ije mchana, ipite getini bila kufunikwa, au isije kabisa."

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka huo, na kila jioni nilikuwa nakusanya saini za kuunga mkono mswada wa kuziruhusu baa kama yetu ziuze bia ya kubeba. Niliamini kwamba wabunge wakielezwa vizuri wataelewa. Baa yenye meza chache haiwezi kuishi kwa wanaokaa tu, wakati makampuni makubwa yana makopo yao katika kila duka.

"Nitamletea mwenyewe," nikamwambia. "Mchana, bila kufunika."

"Hata huo mswada wenu usipopita?"

"Utapita, Mama."

"Nimeuliza, hata usipopita?"

"Hata usipopita."

Akaondoka na mtungi wake mtupu.

Siku ya kura baa ilijaa. Kaka Thanong, afisa wa ushuru aliyekuja mara kwa mara kukagua matangi yetu, naye alikuwepo, anatafuna nyama kavu na kunywa chai. Mswada ulianguka kwa kura chache. Mteja mmoja akainua glasi yake, akasema, "Pole, ndugu yangu bia. Kifungo cha maisha." Hakuna aliyecheka.

"Saini zako, Nuan," alisema Dada Orathai akizima televisheni, "sasa hivi huko Bangkok wanafungia ndizi za kukaanga."

"Tutaanza upya, Dada."

"Wewe utaanza. Mimi nimechoka."

Hakuwa anatania. Siku aliyorudisha leseni na kuifunga baa, bia iliyobaki ilibidi imwagwe mbele ya Kaka Thanong. Kabla hajafika nilikuwa nimejaza chupa moja na kuiweka chini ya kaunta. Kisha nikasimama nikaitazama ile nyingine ikienda mtaroni, nyeupe kwa povu, ikinuka wali mpya. Dada Orathai hakutazama. Alikuwa anafuta meza ambazo hakuna mteja angezitumia tena.

Mchana wa siku iliyofuata mpwa wa Khamphan alipiga simu. Mzee amefariki usiku.

"Basi imwage," alisema Dada Orathai aliponiona nimeishika chupa. "Umeitwa kazi ya serikali wilayani, mama yako ameshawatangazia majirani wote. Ukiandikiwa kosa, hawakuchukui."

"Najua."

"Na mwenyewe ameshakufa, mdogo wangu. Nani atakudai?"

Baa haikuwa tena na leseni ya kunyang'anywa; kosa lingekuwa langu peke yangu. Niliendesha pikipiki hadi kijijini, chupa ikiwa kwenye kikapu cha mbele, jua likiipiga.

Chini ya turubai la msiba, karibu na geti, alikuwa ameketi Kaka Thanong kwa shati jeusi. Kumbe ni kijiji chao. Aliona chupa kabla hajaniona mimi.

"Tupia kitambaa, mdogo wangu," alinong'ona. "Nami nitakuwa sijaona kitu."

"Nikiifunika, Kaka, siyo aliyoiomba."

"Basi usiipitishe mbele yangu. Watu wote hawa wananiangalia."

"Njia ni hii moja."

Nikapita. Mbele ya jeneza palikuwa na sinia la chakula cha marehemu. Mama Buasi aliponiona alisogeza kikapu cha wali wa kunata, pakapatikana nafasi. Nikamimina bia katika glasi iliyokuwa pale, nikapiga magoti, nikagonga ubao wa jeneza kama tunavyowagongea wafu wetu wanapoletewa chakula.

"Baba Khamphan, amka unywe. Ni mchele wako."

Povu lilipanda hadi ukingoni, likaanza kushuka. Nyuma yangu kiti kilivutwa, na nikamsikia Kaka Thanong akimwomba mtu kalamu.